Kalunguyeye Aliyekataa Amri ya Kulala

Kalunguyeye ndiye kiumbe pekee niliyemwona akikataa amri ya meja mbele ya gwaride zima, na bado akarudi nyumbani akiwa hai. Ilikuwa Koboko, mwaka 1975, mchana wa jua kali. Aliamriwa alale. Alitazama huku na huku, akanusa kiatu cha Meja, akatokwa na povu mdomoni, kisha akaanza kujipaka povu hilo mgongoni kwa ulimi, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda harusini.

Tangu nilipotangaza kwamba nastaafu, ninyi vijana wa maabara mmeniuliza ni wapi nilijifunza kushika mnyama mdogo bila kumtisha, na kwa nini nawasumbua kila siku kwa swali lilelile: amekula nini? Nimefanya kazi hapa Morogoro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, lakini kazi yenyewe niliijulia West Nile, upande wa Uganda, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nitaandika ya huko. Habari za vyeo na mishahara mkaulize ofisini. Wanazikumbuka vizuri kuliko mimi.

Niliajiriwa mwaka 1973, nikiwa nimetoka shule ya masista kule Ediofe na mafunzo mafupi ya maabara. Nilipangiwa kituo cha Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua. Kituo ni neno kubwa. Ilikuwa nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wa kuangamiza mbung'o, na watu wa mbung'o walipoondoka waliondoka na viti. Walituachia meza moja iliyokuwa nzito mno kubebeka, sinki lisilo na bomba, na tangazo ukutani lililokataza kuvuta sigara karibu na petroli. Petroli haikuwapo. Sigara pia zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo tangazo lilitiiwa.

Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Tibenda, mtu wa Fort Portal, mrefu, mwembamba, aliyesomea ubongo wa wanyama ng'ambo na kurudi wakati ambapo wenzake walikuwa wakiikimbia nchi. Kiswahili chake alikipata vitabuni. Kila tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani alisema "Samahani, ndugu," na kila mara askari walimtoa garini, kwa kuwa mtu anayeomba samahani kwa ufasaha hivyo lazima awe mpelelezi kutoka Tanzania.

Siku yangu ya kwanza hakunionyesha choo wala mahali pa kuweka mkoba. Aliniwekea kiganjani kitu cha mviringo, chenye miiba, baridi kama jiwe la mtoni.

"Amekufa?" akauliza.

Nikamsikiliza. Nikamnusa. Nikasema amekufa.

"Subiri."

Nilisubiri mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipokuwa nataka kumrudishia, kile kitu kikavuta pumzi moja, ndefu, ya uvivu, kikanyamaza tena.

"Sasa unajua kazi yako, Adiru," Daktari akasema. "Kazi yako ni kutomzika."

Kwa wale ambao mmeshughulika na panya tu, nieleze kidogo. Kiangazi kikishika, wadudu wakiisha na usiku ukiwa na ubaridi, kalunguyeye wa kwetu hujikunja kwenye shimo na kupunguza maisha. Joto la mwili linashuka mpaka linakaribiana na la udongo. Moyo unapiga kama saa inayokaribia kusimama. Hali, hanywi, wala hafi. Watu hudhani ni usingizi wa kawaida uliozidi. Sivyo. Ubongo wenyewe ndio unaotoa ruhusa. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopanga mwili uwe na joto kiasi gani, na sisi wakati ule tuliamini kwamba kemikali iitwayo serotonini ikiongezeka pale, mpango unashushwa na mnyama anazama. Ikija nyingine, noradrenalini, mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega yanawaka kama jiko na mnyama anaamka. Siku hizi ninyi mnasema adenosini. Sawa. Wajukuu wenu watasema kingine.

Daktari alitaka kujua kama serotonini pekee yaweza kumzamisha mnyama. Kwa hiyo alimtia dawa ya ganzi, akampachika kijibomba chembamba kwenye fuvu, akaacha kidonda kipone, kisha akadondosha kemikali moja kwa moja kwenye ubongo. Siku nyingine mnyama alizama. Siku nyingine alitutazama. Ilitegemea kama alikuwa na njaa na kama chumba kilikuwa na baridi. Mnyama aliyeshiba, aliyewekwa penye joto, hata ungemmiminia chupa nzima, anatembea.

Chombo cha kushika kichwa cha mnyama kisicheze kilitengenezwa na Fundi Alioni, fundi wa baiskeli sokoni Arua, kwa spoku, skrubu na vijiko viwili. Ng'ambo, Daktari alisema, chombo hicho kingejaa meza. Cha Alioni kiliingia kwenye mfuko wa koti, na kilikuwa na kengele, kwa kuwa Alioni hakuona sababu ya kuiondoa. Barafu tulikuwa hatuna. Sampuli za ubongo tulizihifadhi kwenye friji ya mafuta ya taa ya masista, karibu na siagi yao. Sista mkuu alikubali kwa sharti moja: nisimwambie kamwe kopo lipi ni lipi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, bila kumsumbua mtu, mpaka siku ya Vurra.

Tulikuwa tumekwenda huko, karibu na mpaka wa Kongo, kununua kalunguyeye kwa wakulima. Kurudi, kwenye forodha, malori yalikuwa yamepanga foleni na askari wanapekua kila kitu, kwa sababu chumvi na sukari zilikuwa zimeadimika na kila mtu alishukiwa kuzificha. Wakafungua kreti yetu. Wakakuta mipira ya miiba, baridi, haitikisiki. Wakamwita Meja. Jina lake naliacha. Wajukuu wake ni watu wazuri. Alikuwa Mnubi wa Koboko, mnene, mcheshi, mwenye viatu vinavyong'aa mpaka unaona meno yako ndani yake.

"Daktari, hii vitu iko nini?"

Hapa ndipo mwalimu wangu alipofanya kosa ambalo nimewaonya ninyi wote msilifanye: alieleza vizuri. Angesema ni chakula, tungepita. Yeye alisimama juani akaeleza habari ya joto na moyo na kemikali ya ubongo, kwa furaha, kama aliyeulizwa habari za mwanawe.

"Inakaa bila kula?" Meja akauliza.

"Kwa majuma, afande."

"Bila sukari?"

"Bila sukari."

"Bila chumvi? Bila sabuni? Haipigi kelele kwa duka?"

"Amelala, afande."

Meja akainamia kreti. Nimeona watu wengi wakipata wazo, lakini yule alilipata kwa mwili mzima. Akamshika Daktari bega. "Kumbe wewe iko na dawa ya uchumi, na unaficha kwa kichwa ya kanyama!"

Baada ya hapo tulipewa vitu. Tulipewa viti. Tulipewa Land Rover na mlinzi. Tulipewa pia kamati, iliyoitwa Kamati ya Usingizi, ikakutana Arua kwenye ukumbi ambao taa zake hazikuwaka. Mpango wa Meja ulikuwa mwepesi: watu wadungwe, walale mpaka bidhaa zirudi madukani, waamshwe. Afisa elimu akauliza kama walimu waliolala wataendelea kuhesabiwa wako kazini. Akaambiwa ndiyo, hakutakuwa na tofauti. Shehe akauliza, kwa upole, mtu akilala Ramadhani nzima amefunga au hakufunga. Meja akasema amefunga sana. Kisha mfanyabiashara mmoja mzee, aliyekaa nyuma karibu na mlango, akauliza nani atabaki macho ili awaamshe wengine.

"Jeshi," Meja akajibu.

Kamati ikanyamaza kwa muda ambao kalunguyeye angeutambua.

Daktari alijaribu kuwazuia. Akasema mtu si kalunguyeye. Ubongo wa mtu hauna mpango huo. Ukimtia kemikali kichwani hatalala, atakufa. Akasema mnyama huwekewa kijibomba mapema, kwa uangalifu, na binadamu hawezi kutobolewa fuvu hivi hivi.

"Kwa nini?" Meja akauliza. "Fundi ya baiskeli si iko?"

Wakacheka wote. Sisi wawili hatukucheka, maana Meja alikuwa amepanga gwaride la kumlaza kwanza mnyama, kisha mtu, na mtu huyo alikuwa tayari amemchagua.

Aliitwa Yohana. Alikuwa Msudani wa upande wa Yei, Mkristo, aliyekuja kama mkimbizi wakati wa vita vyao, na vita vilipokwisha akabaki kama mchuuzi. Alikamatwa na chumvi ndani ya godoro. Nilimwona mara ya kwanza pale mahabusu ya Koboko, Daktari alipopelekwa kumpima kama ana afya ya kutosha kulala. Alikuwa kijana wa mwili mkubwa aliyepungua, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Daktari," akasema, "hii kulala, mutu anaamuka?"

Daktari akamshika mkono kupima mapigo, ingawa hakuwa ametazama saa.

"Yule mnyama asipolala siku ya gwaride," akasema polepole, "hawatafika kwako."

"Na akilala?"

Daktari akauachia mkono wake. Yohana akanigeukia mimi. "Dada, basi pigia hiyo kanyama kelele."

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi, na naomba muielewe vizuri. Kalunguyeye akizama mbele ya wakubwa, fuvu la Yohana lingetobolewa jioni ileile. Asipozama, Daktari alikuwa ameidanganya serikali, na wakati ule mtu aliyeidanganya serikali hakuandikiwa onyo.

Meja, kwa ajili ya usalama, aliwachukua wanyama wawili wenye vijibomba na kuwapeleka nyumbani kwao Koboko, kwenye chumba cha mama yake, chenye kuta nene na ubaridi. Daktari alimpa masharti: wasipewe chakula chochote, wasiwekwe penye jua. Aliyatoa kwa sauti, mbele ya mlinzi, neno kwa neno. Meja naye akayarudia kwa mama yake kama amri. Sisi hatukuruhusiwa hata kuchungulia.

Mama huyo kila mtu alimwita Haboba, yaani bibi kwa Wanubi. Alikuwa mfupi, mwenye gurubaba, ile nguo ya kujitanda ya Wanubi, ya rangi ya machungwa na mikono iliyozoea kusuka ukindu. Katika nyumba za Kinubi za Koboko, mgeni akivuka kizingiti chakula kinatangulia salamu. Mgeni asipokula, aibu ni ya mwenye nyumba, na majirani wataizungumza mpaka mwezi uandame. Haboba aliambiwa kwamba wale ni wageni wa serikali. Aliambiwa pia wasilishwe. Neno la kwanza alilisikia. La pili alilichukua kuwa upuuzi wa mwanawe, ambaye tangu aingie jeshini alikuwa amesahau namna ya kukaa na watu.

Asubuhi ya gwaride, kule Pajulu, nilichemsha sindano kama kawaida na kwenda kuchukua kichupa cha serotonini nichanganye dawa. Daktari akanizuia. "Leo nitaijaza mwenyewe," akasema, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Katika muda wote niliofanya kazi naye hakuwa amefanya hivyo hata mara moja. Lakini pia katika muda huo sikuwa nimemwona akighushi kipimo kimoja. Alikuwa mtu wa kutupa matokeo ya msimu mzima kwa sababu alishuku kipimajoto.

Koboko kulikuwa na hema, bendera, tarumbeta na mgeni wa heshima kutoka Kampala. Yohana alikalishwa kwenye benchi pembeni, amenyolewa upara kwa ajili ya kazi iliyo mbele yake. Fundi Alioni naye aliletwa, na mfuko wake wa vifaa, ameukumbatia kama mtoto mgonjwa. Meja akahutubia. Alihutubia kwa muda mrefu kiasi kwamba mgeni wa heshima, kivulini, akafumba macho, kidevu kikashuka kifuani, na pumzi zake zikaanza kuachana kwa mbali.

Kisha kasha likaletwa. Lilikuwa limefunikwa kwa kawa la ukindu la rangi, lile la kufunikia chakula cha wageni. Daktari akalinyanyua, na mkono wake ukashuka kidogo kwa uzito. Akafunua. Wanyama walikuwa wanene kama maandazi. Pembeni mwa kasha kulikuwa na ganda la yai na mabawa ya kumbikumbi.

Akanitazama. Mimi nikatazama bendera.

"Endelea!" Meja akasema.

Daktari akamshika mmoja, akaingiza sindano kwenye kijibomba, akasukuma. Akamweka chini, kwenye kitambaa cheupe, juani.

"Lala!" Meja akaamuru.

Kalunguyeye akashuka kwenye kitambaa, akaifuata harufu ya dawa ya viatu, na yaliyofuata nimekwisha kuyaeleza. Wanyama hawa wakikutana na harufu kali hutokwa na povu na kujipaka. Hakuna ajuaye vizuri kwa nini. Meja hakujua habari hiyo. Aliona tu mnyama akitema mate mbele ya kikosi chake, na askari wakiuma midomo wasicheke.

"Hii ni hujuma!" akasema. Akamgeukia Daktari, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Wewe umeharibu dawa. Shika yeye!"

Askari wawili wakamshika Daktari mikono. Kofia yake ikaanguka. Naikumbuka sauti ya kofia ile kwenye changarawe.

"Acha hiyo mutu."

Sauti ilitoka kwa wanawake, waliosimama nyuma ya hema. Haboba akapita katikati ya safu za askari, nao wakampisha kwa sababu wengi wao aliwahi kuwachapa walipokuwa wadogo.

"Mimi ndiyo nalisha," akasema. "Kumbikumbi, yai, na maini kidogo."

"Mama! Mimi nasema wasile!"

"Wewe nasema. Mgeni analala njaa kwa nyumba yangu? Jirani, mama ya Zaitun, atasema nini? Hii serikali yako nafundisha wewe kunyima mgeni?"

"Mama, ni kanyama..."

"Kanyama nakuja na gari ya serikali na mlinzi. Mgeni gani wa kwako imewahi kuja hivyo?"

Safu ya mbele ikashindwa kujizuia. Mtu mmoja akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Mgeni wa heshima akaamka, akadhani hotuba imekwisha, akapiga makofi, na wote wakalazimika kupiga makofi naye. Katika makofi hayo askari waliomshika Daktari walihitaji mikono yao.

Haboba hakuwa amemaliza. Alikuwa ameliona benchi. "Na hiyo, yenye upara? Ya nani?"

"Mfungwa, mama."

"Anakaa kwako?"

Meja akakubali kwamba anakaa kwake.

"Imekula?"

Haboba akamshika Yohana mkono wa shati, akamwinua, akaondoka naye kuelekea nyumbani, akimsimanga njia nzima kwa wembamba wake kana kwamba ni yeye aliyejinyima. Kumzuia kungehitaji mtu wa kutoa amri, na aliyekuwa na mamlaka hayo alikuwa anafuta povu kwenye kiatu.

Kamati ya Usingizi haikuvunjwa. Iliacha tu kukutana. Land Rover ilirudishwa, viti vikabaki. Yohana alikaa kwa Haboba akila na kupasua kuni, mpaka siku moja alikwenda kutafuta kuni akapotea upande wa mpaka, na Haboba akasema kuni nzuri ziko mbali. Daktari alifanya kazi mpaka mwaka uliofuata, akaenda Vurra kutafuta wanyama, hakurudi. Wengine walisema yuko Kisangani. Wengine walisema mengine. Sikuwahi kumuuliza habari ya asubuhi ile. Nilidhani muda upo.

Mwaka 1979, vita vilipotufikia, tulikimbilia Kongo na vyungu vichwani. Pale soko la Aru nilisikia mtu ananiita "Dada wa kanyama!" Alikuwa Yohana, amenenepa, nywele zimeota, anauza chumvi mchana kweupe. Alinifungia ya bure kwenye jani. Tukaongea habari za waliokufa na waliopona. Kisha akainama, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za ugonjwa wa nyumbani kwake:

"Daktari aliweka nini ndani ya ile sindano? Dawa ya kweli, ao maji?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu, maana nilijua anachotaka kujua: kama kuna mtu mmoja, pale Koboko, aliyekuwa tayari kufa kwa ajili yake, au kama aliokolewa na yai la kuku. Lakini mnyama alikuwa ameshiba na jua lilikuwa kali. Dawa au maji, angetembea vilevile. Jibu lilikuwa limebaki mahali pamoja tu, kwenye tone la mwisho ndani ya sindano. Na mimi, tuliporudi Pajulu jioni ile, nilikuwa nimeichukua, nikaiosha na kuichemsha, kama nilivyofundishwa.